Freddie Mercury: Mzozo usiokwisha wa alimpenda nani, na je, alijua kuimba?

NI zaidi ya miaka 30 sasa tangu Freddie Mercury, mwimbaji mkuu wa bendi ya Queen ya Uingereza na mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, afariki dunia Novemba 24, 1991. Wanamuziki wengi wa rika lake waliotangulia mbele ya haki miaka ile hawatajwi tena ila na jamaa zao. Yeye bado yuko kizimbani, na mashitaka ni yale yale mawili aliyosomewa akiwa hai: kwanza, alikuwa mtu wa kupenda wanaume au wanawake? Pili, alikuwa mwanamuziki wa kweli, au mchezaji jukwaa mwenye mbwembwe tu?

Septemba 2025 kesi hiyo ilifunguliwa upya. Mwandishi wa Uingereza, Lesley-Ann Jones, alitoa kitabu kinachodai kwamba Mercury alizaa mtoto wa kike katika miaka ya 1970 na kumlea kwa siri. Mary Austin, mwanamke aliyekuwa mchumba wake na kisha rafiki yake wa karibu hadi mwisho, alisema hana habari za mtoto huyo. Ukweli wa madai hayo si mada ya makala haya. Kinachonishughulisha ni kwamba wapo walioyapokea kama ushahidi mahakamani, kana kwamba mtoto akithibitika, basi mambo yote yaliyosemwa juu ya mtu huyu yatafutika na nyimbo zake zitasikika tofauti.

Maswali haya mawili yamefungwa kwa kamba moja tangu mwanzo. Waliochukizwa na lile la kwanza walilijibu la pili kwa kuangalia nguo. Na siku hizi, kwa kuwa dunia ya Magharibi imegeuka, wapo wanaomtukuza kwa sababu ile ile waliyotumia wenzao kumdharau, nao pia hawana haja ya kusikiliza. Kamba hiyo imekuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo inatuhusu sisi wa pwani hii.

Tukumbushane asili yake kwa ufupi. Alizaliwa Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroasta waliotokea India. Baba alikuwa mshika fedha katika Mahakama Kuu ya serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India, ambako alijifunza piano na kuunda bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirejea Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalipotokea, familia iliondoka na kuhamia Feltham, pembezoni mwa London. Huko alihitimu chuo cha sanaa cha Ealing mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaungana na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga mwaka 1971.

Aliyebadili jina kutoka Bulsara kuwa Mercury hakuwa na jambo moja tu la kulinyamazia. Uingereza aliyoingia kama kijana ilikuwa ile iliyopitisha sheria ya uhamiaji ya 1968, iliyotungwa haraka haraka ili kuwafungia mlango Wahindi wa Afrika Mashariki wenye pasi za Uingereza. Ilikuwa pia nchi ambayo ndiyo kwanza, mwaka 1967, imeacha kuwafunga jela wanaume wazima wa England na Wales kwa mapenzi ya jinsia moja ya faragha. Kwa hiyo alipokuwa akiulizwa na waandishi alikotoka, alijibu kwa mzaha. Alipoulizwa anampenda nani, alijibu kwa mzaha zaidi. Mwaka 1974 alitoa jibu la utani kwa New Musical Express ambalo wengine walilichukua kuwa ungamo na wengine dhihaka. Nadhani ndivyo alivyotaka lichukuliwe. Mtu aliyezoea kuulizwa asili yake kwa nia mbaya hujifunza mapema kujibu bila kujibu.

Wahakiki wa muziki wa wakati ule hawakumpa nafasi kubwa. Mwaka 1977, vijana wa punk walipokuwa wakidai muziki urudi mitaani, jarida hilo hilo la New Musical Express lilichapisha mahojiano naye chini ya kichwa kilichouliza iwapo mtu huyu ni mpumbavu. Mwaka 1979 Dave Marsh wa Rolling Stone, akihakiki albamu ya Jazz, aliandika kwamba huenda Queen ndiyo bendi ya kwanza ya roki iliyo ya kifashisti hasa. Lawama yake ilielekezwa kwenye namna bendi hiyo inavyoutawala umati. Ukizisoma tahakiki za miaka ile utayakuta maneno yanayorudiarudia: madoido, maringo, kujishaua, ukosefu wa dhati. Ni maneno ambayo kwa sura yanahusu muziki. Lakini ni maneno hayo hayo ambayo mtu wa mtaani huyatumia anapotaka kusema jambo jingine juu ya mwanamume bila kulitaja.

Nisieleweke vibaya. Si kila aliyemkosoa alikuwa akichungulia chumbani kwake. Albamu ya Hot Space ya 1982 ni dhaifu, na mashabiki wenyewe wa Queen walisema hivyo. Albamu aliyotoa peke yake mwaka 1985, Mr. Bad Guy, haikufikia hata robo ya kile alichokuwa akikifanya na wenzake. Bila gitaa la May na masikio ya Taylor na Deacon yaliyomwambia hapana, alikuwa mtu wa kupitiliza. Mashairi yake mara nyingi ni mapambo matupu. Haya ni makosa ya kimuziki na yana haki ya kusemwa. Tatizo ni kwamba hayakuachwa yasimame yenyewe.

Ushahidi mzuri wa mkanganyiko huo ni kisa cha mwaka 1984. Queen walitoa wimbo I Want to Break Free pamoja na video ambamo wanaume wote wanne wamevaa nguo za kike, wakiigiza kwa utani tamthilia ya Uingereza ya Coronation Street. Waingereza waliocheka walicheka. Nchini Marekani mambo yalikuwa mengine. Brian May ameeleza mara kadhaa kwamba video ile iliwafungia milango huko. Lawama ilimwangukia Mercury, mwenye masharubu na sketi. Ajabu ni kwamba wimbo ule haukutungwa na yeye. Ulitungwa na John Deacon, mtu mkimya, mume wa mke mmoja na baba wa watoto kadhaa. Wazo la kuvaa nguo za kike nalo lilitoka upande wa Roger Taylor. Lakini umma ulikuwa umekwisha kuamua nani ni nani, na kila kitu cha bendi kilichoonekana cha kike kiliandikwa katika daftari la mtu mmoja. Bendi iliyokuwa na nyimbo mbili zilizoshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1980 haikufanya tena ziara huko pamoja naye baada ya 1982.

Mwaka huo huo wa 1984 kulitokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililostahili kelele zote hizo. Oktoba, Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, katika Bophuthatswana, ile nchi ya bandia iliyoundwa na makaburu ili ionekane kwamba Waafrika wana taifa lao. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetoa wito kwa wasanii kususia Afrika Kusini, na Queen waliingizwa katika orodha yake ya waliokaidi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Utetezi wao ulikuwa kwamba wao si wanasiasa na kwamba wanampigia yeyote anayetaka kuwasikiliza.

Msomaji wa Tanzania anajua utetezi huo una uzito gani. Wakati Mercury akiimba mbele ya meza za kamari, vijana wa ANC waliokimbia kwao walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Mtoto wa Unguja kwenda kuwatumbuiza makaburu ni jambo ambalo angepaswa kuhojiwa nalo uso kwa uso hadi alijibu vizuri. Wenzake walirekebisha kwa kiasi fulani baadaye, May na Taylor waliposhiriki tamasha la 46664 la Mzee Nelson Mandela mjini Cape Town, Novemba 2003. Yeye hakuishi kufika huko. Hata hivyo, fungua leo mjadala wowote kuhusu Freddie Mercury, uwe wa wanaompenda au wanaomchukia, uone Sun City inatajwa mara ngapi, kisha uone masharubu yake yanatajwa mara ngapi. Udaku una tabia hiyo: huchukua nafasi ya swali ambalo lingekuwa na maana.

Sasa tuje kwenye shitaka la pili, la kipaji. Hapa tuna bahati kwamba vitu vinavyobishaniwa vinaweza kuhesabika.

Albamu ya Greatest Hits ya Queen iliyotoka Uingereza mwaka 1981 ndiyo iliyouzwa kuliko zote katika historia ya nchi hiyo; imepita nakala milioni 7. Ina nyimbo 17. Kati ya hizo, 10 zilitungwa na Mercury peke yake. Mojawapo ni Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975, yenye dakika 5 na sekunde 55, isiyo na kiitikio, inayoanza kwa sauti za pamoja, ikaingia katika piano ya huzuni, ikageuka opera, ikalipuka kuwa roki, na kurudi chini kimya. Watu wa redio walionya kwamba hakuna kituo kitakachoupiga wimbo mrefu hivyo. Ulikaa kileleni Uingereza wiki tisa, na alipofariki ukarudi tena kileleni. Sehemu ile ya opera iliimbwa na watu watatu tu, tabaka juu ya tabaka, wakirudia na kurudia mpaka mkanda ukachakaa kwa kupitishwa mashineni. Mpango wa sauti hizo zote alikuwa nao Mercury kichwani na kwenye vipande vya karatasi. Mtu hawezi kufanya hayo kwa mbwembwe.

Na kuhusu koo lenyewe? Mwaka 2016 mtaalamu wa sauti Christian Herbst na wenzake kutoka Austria, Jamhuri ya Czech na Sweden walichapisha utafiti juu ya rekodi za Mercury, za kuimba na za kuzungumza. Waligundua kwamba alipozungumza, sauti yake ilikuwa na wastani wa mitetemo 117 kwa sekunde, yaani sauti ya kiume ya kati, si ile nyembamba ya juu aliyojulikana nayo jukwaani. Mtikisiko wa sauti yake alipokuwa akishikilia noti ulikuwa wa kasi ya mara 7 hivi kwa sekunde, haraka kuliko ilivyo kawaida kwa waimbaji waliofunzwa, tena usio sawasawa, na huo ndio uliompa alama ambayo masikio huitambua mara moja. Walimwomba mwimbaji mwingine wa roki aige mtindo wake huku kamera ikipiga picha zoloto lake kwa kasi ya picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde, ili waone namna ule mkwaruzo wake unavyotengenezwa.

Watafiti hao hao, kwa uaminifu, hawakupata uthibitisho wa hadithi inayopendwa na mashabiki kwamba alikuwa na upeo wa oktavi nne. Uvumi haukuwa wa wabaya wake peke yao. Hata sifa zake nyingine zilikuwa udaku. Lakini kilichobaki baada ya kuondoa uvumi wa pande zote mbili ni kikubwa: mwanamume mwenye sauti ya kati aliyechagua kuimba juu ya kiwango chake cha maumbile, usiku baada ya usiku, bila kukubali kung'olewa meno ya ziada yaliyomwaibisha kwa sababu aliamini yanaipa sauti yake nafasi kinywani. Jarida la Rolling Stone, lile lile lililomwita mfashisti wa roki, mwaka 2008 lilimweka katika nafasi ya 18 kati ya waimbaji 100 bora.

Kisha kuna Wembley, Julai 13, 1985, tamasha la Live Aid la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Queen walipewa dakika kama 20, jioni, mbele ya watu 72,000 ambao hawakuwa wamenunua tiketi kwa ajili yao. Alichofanya pale katikati ya nyimbo, kuita kwa sauti tupu na umati ukaitikia, kuita tena kwa mapindo magumu zaidi na umati ukajaribu kumfuata, si jambo geni kwa mtu aliyekulia katika nchi zetu. Ni kazi ya kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake. Sitadai kwamba aliichukua Unguja. Wapo wanaodai hivyo, kama wanavyodai kwamba neno moja la Kiarabu lililomo katika Bohemian Rhapsody, ambalo kila Mwislamu hulitamka kabla ya kula, ni salamu yake kwa Zanzibar. Huo nao ni ubashiri. Aliondoka kwenda bweni akiwa na miaka minane.

Gharama kubwa zaidi ya kamba niliyoitaja mwanzo ililipwa katika miaka yake ya mwisho. Mei 1987 aliyekuwa meneja wake binafsi, Paul Prenter, aliliuzia gazeti la The Sun habari za maisha yake ya faragha. Kuanzia hapo ilikuwa ni kuwindwa. Mwaka 1988 Bunge la Uingereza lilipitisha kifungu kilichokataza serikali za mitaa kile kilichoitwa kuendeleza ushoga, na magazeti ya udaku yalikuwa yakiutangaza UKIMWI kama adhabu. Februari 1990 alipopanda jukwaani kupokea tuzo pamoja na wenzake, amekonda, swali halikuwa tena kama anajua kuimba. Wapiga picha waliweka kambi nje ya nyumba yake ya Garden Lodge, Kensington. Ndani ya nyumba alikuwa akiishi na mwenzi wake, Jim Hutton, na mbele ya watu Hutton alitajwa kuwa mtunza bustani.

Katika hali hiyo alirekodi albamu ya Innuendo, iliyotoka Februari 1991. Wakati mwingine hakuweza kusimama kwa muda mrefu. Anayetaka kujua kama mtu huyu alikuwa mwanamuziki aanzie hapo, si kwenye video ya sketi. Novemba 23, 1991 alitoa taarifa akikiri kwamba ana UKIMWI. Alifariki jioni ya siku iliyofuata. Wapo waliomlaumu kwa kuchelewa, wakisema kauli yake ingeokoa maisha ya wengine kama angeitoa mapema.

Lawama hiyo si ya kupuuza, na sisi tuna kipimo chetu cha kuipimia. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao akatangaza hadharani kwamba ana virusi. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wenye jina kubwa kufanya hivyo. Alizunguka mashuleni na makanisani akizungumza hadi nguvu zikamwishia, na akafariki Desemba mwaka huo huo. Ni ushujaa ambao Mercury hakuufikia. Lakini ikumbukwe pia jinsi Lutaaya alivyopokewa mwanzoni: wapo waliosema anadanganya, kwamba amebuni ugonjwa ili auze muziki. Yule aliyesema alishukiwa kwa kusema; yule aliyenyamaza alishukiwa kwa kunyamaza. Nani angethubutu kumfuata yeyote kati yao? Ugonjwa uliotegemea siri ili usambae ulipata msaidizi mzuri katika udaku.

Turudi nyumbani. Septemba 2006 mgahawa wa Mercury's, uliokuwa ufukweni mwa Mji Mkongwe, ulipanga sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu kuzaliwa kwake. Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ilipinga, ikasema maisha ya mtu huyo yalikwenda kinyume na Uislamu na kwamba kumsherehekea ni kuipaka matope Zanzibar na kuwapa vijana mfano mbaya. Miaka miwili kabla, mwaka 2004, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeongeza adhabu za vifungo kwa mapenzi ya jinsia moja, kwa hiyo mazingira yalikuwa ya joto. Sherehe haikufanyika kama ilivyopangwa.

Waumini wana haki ya kulinda maadili ya dini yao, na sina ugomvi nao katika hilo. Nasema mambo mawili tu. La kwanza, Mercury hakuwa Mwislamu aliyeasi. Alizaliwa Mzoroasta, akaagwa kwa ibada ya Kizoroasta iliyoongozwa na makasisi wa dini hiyo London. La pili ni kwamba katika majibizano yale yote muziki haukutajwa na upande wowote. Wapinzani walizungumza juu ya dhambi; waandaaji walizungumza juu ya watalii. Kisiwa kizima kilijadili mwimbaji bila mtu kuuliza aliimba nini. (Hata neno lenyewe lililotumika kumhukumu lina mzaha ndani yake: katika Kiswahili cha pwani, shoga ni rafiki mpenzi wa mwanamke, na mabibi zetu waliitana hivyo uani bila mtu kushtuka.)

Kwa kisiwa hiki hasa, jambo hilo ni la kushangaza, maana Unguja iliwahi kupitia kesi kama hii na ikaiamua vizuri. Siti binti Saad, mtoto wa watumwa kutoka Fumba, aliyeanza kwa kutembeza vyungu, alipoanza kusifika alizushiwa beti za kumbeza asili yake na sura yake. Shaaban Robert ametusimulia hayo katika Wasifu wa Siti binti Saad. Waliomcheka hawakusema kwamba hajui kuimba. Walisema hana nasaba wala uzuri, wakitumaini msikilizaji atafunga hesabu mwenyewe. Msikilizaji hakufunga. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na zikauzwa pwani yote. Leo hakuna anayekumbuka majina ya warembo aliolinganishwa nao.

Mwaka 2018 ilitoka filamu ya Bohemian Rhapsody. Iliingiza zaidi ya dola milioni 900 na kupata tuzo nne za Oscar, mojawapo ya Rami Malek aliyeigiza kama Mercury. Nayo ikazua mabishano yale yale kwa sura mpya: Wachina na Wamalaysia walikata vipande vilivyohusu mapenzi ya wanaume, na Wamagharibi wakalalamika kwamba filamu yenyewe ilikwisha kuvificha mno, au kwamba imemfanya Mary Austin kuwa mkubwa kuliko Hutton, au kinyume chake. Septemba 2023 vitu vya nyumbani kwake vilipigwa mnada London kwa takriban pauni milioni 40. Piano aliyotungia Bohemian Rhapsody ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Angalau siku hiyo kifaa cha kazi ndicho kilichogombewa.

Zanzibar nayo ilipiga hesabu zake. Novemba 24, 2019, siku ya kutimia miaka 28 tangu afariki, jumba la makumbusho la Freddie Mercury lilifunguliwa Shangani. Kwa miaka mingi kabla ya hapo waongoza watalii walikuwa wakionyesha nyumba zaidi ya moja na kusema kila mojawapo ndiyo alimokulia, kutegemea njia wanayopita siku hiyo. Wageni hulipa kiingilio, huangalia picha za familia ya Bulsara, hupiga picha zao na kuondoka.

Mwaka huo huo wa 2019, miezi michache tu kabla ya makumbusho hayo kufunguliwa, Chuo cha Muziki cha Nchi za Majahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kilichokuwa katika jengo la zamani la forodha, mwendo wa dakika chache kutoka ulipokuwa mgahawa wa Mercury's, kilitangaza kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Ndicho kilichokuwa kikiwafundisha vijana wa Unguja, wa kike na wa kiume, qanuni, udi, fidla na kuimba, wengi wao wakiwa hawana uwezo wa kulipa ada kamili. Hakuna jumuiya iliyoandamana, na hakuna hoteli iliyopanga sherehe.